Theluji ya Oktoba Colorado: utabiri husema nini, na lini utateleza

Wiki ya pili ya Oktoba, Denver bado watu wanavaa fulana mchana. Ndipo makundi ya WhatsApp ya wenzetu wanaopenda skii yanapoanza kujaa picha za utabiri. Programu moja inasema Loveland, eneo la skii huko juu milimani, litapata sentimita 12 za theluji, nyingine inasema 40, ya tatu haijaona kitu. Siku ikifika, wa Denver wanaamkia manyunyu, na aliyepanda barabara ya I-70 hadi handaki la Eisenhower, mita 3,401 juu ya usawa wa bahari, anakuta magari yamefunikwa. Siku tatu baadaye jua linawaka na nusu ya ile theluji imekwisha.

Lawama huwa ni ileile kila mwaka: watabiri waongo. Nimeufuatilia utabiri huu kwa misimu kadhaa, na naamini kwa dhati kwamba watu hawa wanaonewa. Sisi tunauliza swali moja, "theluji itaanguka?", na ndani ya swali hilo mmejificha mengine kadhaa. Itaanguka kama theluji au kama mvua? Ina maji kiasi gani? Mlima upi? Itakaa? Baadhi yana majibu ya uhakika siku tatu kabla. Mengine hayajibiki hata siku moja kabla.

Tuanze na kimo, maana hilo watu wa nyumbani tunalijua bila kufundishwa. Siku ya masika, wingu moja linaweza kuinyeshea Moshi mvua na kukipaka Kibo theluji. Hewa hupoa kadiri unavyopanda, kwa wastani nyuzi joto 6 na nusu kwa kila kilomita, na kuna kimo ambacho joto hufika sifuri. Theluji ikishuka chini ya hapo huendelea mita mia mbili au tatu hivi kabla haijayeyuka kuwa mvua. Kwetu kimo hicho hukaa karibu na mita 4,800 hadi 5,000 mwaka mzima, hakichezi sana, ndiyo maana migomba ya Moshi haijui theluji.

Colorado mwezi Oktoba hakitulii hata siku moja. Asubuhi kinaweza kuwa mita 4,000, juu ya kilele cha Loveland, na usiku huohuo, hewa ya kaskazini ikishaingia, kikashuka hadi mita 2,000, karibu kugusa mapaa ya Denver iliyoko mita 1,600. Mtabiri akikosea kwa saa sita tu wakati wa kuingia ile baridi, sehemu kubwa ya alichokiita theluji itakuwa imeshuka kama mvua. Maji aliyoyatabiri yamefika yote, ila mwenye skii amebaki anatazama tope.

Kisha kuna maji yenyewe. Kompyuta za hali ya hewa hukokotoa kwanza maji yatakayoanguka, halafu ndipo mtu au programu huyageuza kuwa sentimita za theluji. Kanuni ya zamani ni kwamba sentimita 1 ya maji hutoa sentimita 10 za theluji. Lakini theluji nzito inayoanguka joto likiwa karibu na sifuri hutoa 6 au 7 tu, na ile nyepesi kama pamba ya msufi, inayoumbika wingu likiwa na baridi ya kati ya nyuzi 12 na 18 chini ya sifuri, hutoa 15, 20 au zaidi. Sasa chukua dhoruba yenye sentimita 2 za maji. Programu inayozidisha kwa 10 itakwambia 20. Inayozidisha kwa 18 itakwambia 36. Wewe unaona ugomvi, kumbe zote mbili zimekubaliana kuhusu maji.

Na hapa pana jambo linalowashangaza wageni wengi: mwezi Oktoba theluji nzito ndiyo ya kuombea. Ile ya msufi inapendeza kwenye picha, lakini ukiikanyaga inashuka hadi kwenye jiwe. Mteremko wa mwanzo wa msimu ni miamba, visiki na nyasi kavu, na kinachohitajika ni kitu cha kushindiliwa kiwe sakafu. Sentimita 20 za theluji ya majimaji ni msingi. Sentimita 40 za msufi, upepo mmoja tu, zimehamia bondeni.

Kwa hiyo mimi, kabla ya kuangalia sentimita, huangalia vituo vya kupima theluji viitwavyo SNOTEL. Ni zaidi ya 900 katika milima ya magharibi ya Marekani, na mwenye navyo ni Wizara ya Kilimo. Usishangae kwamba ni kilimo: theluji ya milimani ndiyo ghala la maji ya umwagiliaji na ya miji, kuanzia Colorado hadi California. Kifaa chenyewe ni mto mpana uliolazwa ardhini, umejazwa kimiminika kisichoganda. Theluji ikiukalia, mto unapima uzito, na uzito ndio maji. Haudanganyiki na wepesi wa msufi.

Swali la mlima upi nalo lina mantiki ambayo aliyewahi kusimama Lushoto akatazama chini kuelekea Mkomazi anaijua. Upande unaopokea upepo hupata mvua, upande wa nyuma hubaki nyika. Mlima huisukuma hewa juu, hewa inapoa, inakamuliwa. Sasa Colorado dhoruba haina njia moja. Ikija kutoka kaskazini-magharibi, huyaneemesha maeneo ya skii ya Steamboat, Vail na Loveland. Ikija kutoka kusini-magharibi, inaimwagia Wolf Creek, eneo la skii kule kwenye milima ya San Juan karibu na mpaka wa New Mexico, na sisi wa upande wa Denver tunapata upepo mtupu. Mwaka 2024 Wolf Creek ilifungua tarehe 22 Oktoba, ingawa hutegemea zaidi theluji ya mawinguni kuliko ile inayotengenezwa na mashine, huku Arapahoe Basin, jirani ya Loveland yenye mashine zake, ikasubiri mpaka tarehe 2 Novemba. Neno "Colorado" katika utabiri halitoshi hata kidogo. Uliza upepo unatoka wapi.

Kuhusu siku ngapi kabla unaweza kuamini, nitasema kwa kifupi. Kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, hakiendeshi hesabu yake mara moja. Kinaiendesha mara 51, kila mara kikibadilisha kidogo tu hali ya kuanzia, kwa sababu tangu mwanasayansi wa hali ya hewa Edward Lorenz alipocheza na kompyuta yake mwaka 1961 inajulikana kwamba tofauti ndogo ya mwanzo hukua hadi kugeuza matokeo yote. Siku tatu kabla ya dhoruba, majibu hayo 51 kwa kawaida yamekaa pamoja. Siku kumi kabla, yametawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Ile picha ya theluji ya mita nzima ya Jumamosi ya wiki ijayo, inayozungushwa kwenye simu kutwa, karibu kila mara ni kuku mmoja aliyekimbilia mbali kuliko wote. Usiitume.

Mlima unafunguliwa na usiku wa baridi

Hili ndilo ambalo ningependa kila anayepanga safari ya Oktoba alijue. Arapahoe Basin, ambayo chini kabisa iko mita 3,286, ilifungua tarehe 11 Oktoba mwaka 2019, na mwaka 2023 ikafungua tarehe 29 Oktoba. Ukidhani tofauti ya siku 18 ilitokana na wingi wa theluji peke yake, umekosea. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye mashine, na mashine zinataka baridi.

Kutengeneza theluji kulianza Connecticut mwaka 1950, watu watatu wa kampuni iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya skii walipopata hasara ya msimu mkavu na kuunganisha bomba la maji na kompresa ya kupakia rangi. Kanuni haijabadilika: maji yanarushwa yakiwa matone madogo sana pamoja na hewa iliyoshindiliwa, yanaganda kabla ya kutua. Lakini baridi inayohitajika si ile anayoisoma dereva kwenye dashibodi ya gari. Fikiria mtungi wa maji nyumbani. Mtungi unatoka jasho, jasho linakauka, maji ya ndani yanapoa kuliko hewa ya chumba. Hewa ikiwa kavu, jasho linakauka upesi na maji yanapoa sana. Ikiwa ya unyevunyevu kama Tanga mwezi Machi, mtungi haufanyi maajabu. Tone la maji linalorushwa angani linafanya kama mtungi. Wapimaji hufunga kitambaa kibichi kwenye ncha ya kipimajoto, na joto linalosomeka hapo likishuka hadi karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, kazi inaanza.

Basi hewa kavu ya Colorado ni mali. Usiku ambao kipimajoto cha kawaida kinasoma nyuzi 1 juu ya sifuri lakini hewa imekauka, theluji inatengenezeka. Usiku wa ukungu wenye nyuzi 1 chini ya sifuri, mashine zinabaki kimya. Hapo utaelewa kwa nini msimamizi wa mlima anaweza kuwa na wasiwasi wakati mawingu yamejaa, na akafurahi kuona anga jeupe lenye nyota. Siku mbili za dhoruba yenye uvuguvugu zinaweza kumrudisha nyuma kuliko wiki nzima ya ukavu wenye baridi.

Alfajiri moja nilisimama kando ya uzio karibu na maegesho, mashine mbili zikinguruma kama jenereta. Kijana wa zamu aliyevaa koti la mvua alitembea hadi mahali ambapo vumbi jeupe lilikuwa linatua, akanyosha mkono, akasubiri kidogo, kisha akautazama mkono wa koti kwa tochi ya kichwani. Chembe zikigonga kitambaa zikaruka, theluji ni kavu, anaongeza maji. Zikinata na kuacha madoa ya maji, anapunguza. Kila kitu pale kilikuwa na kompyuta, na bado uamuzi wa mwisho ulifanywa kwa mkono wa koti. Aliongeza maji kidogo, akaandika kwenye kidaftari, akaenda kwenye mashine ya pili.

Kinachopatikana kwa kazi hiyo ya Oktoba ni njia moja, mara chache mbili. Loveland kwa desturi hufungua ikiwa na msingi wa sentimita 46 kutoka juu hadi chini ya njia hiyo. Wateleza skii wa Colorado wameibatiza "utepe mweupe wa kifo": ukanda mwembamba mweupe katikati ya mlima wa kahawia, na umati wote wa mji umebanana juu yake, wanaoanza na mabingwa pamoja. Jina limetiwa chumvi, lakini msongamano ni wa kweli. Kama unampeleka mtoto kujifunza, nakusihi usimpeleke wiki hiyo. Subiri Desemba.

Na msimu mzima je?

Katikati ya Oktoba idara ya hali ya hewa ya Marekani hutoa mwelekeo wa majira ya baridi, na hapo linajitokeza neno ambalo halihitaji kutafsiriwa kwetu: El Niño. Au dada yake, La Niña. Ni bahari moja hiyohiyo, maji ya Pasifiki karibu na ikweta yakiwa na joto la nusu nyuzi au zaidi juu ya kawaida kwa El Niño, au chini ya kawaida kwa La Niña. Kwetu El Niño huelekeza vuli kwenye mafuriko, kama 1997, na La Niña huelekeza kwenye ukame. Kwa Marekani inasogeza ule mkondo mkali wa upepo wa juu unaoongoza dhoruba. La Niña huusukuma kaskazini, na milima ya Washington, Idaho na Montana kwa kawaida hunufaika. El Niño huushusha kusini, na Arizona, New Mexico na San Juan huwa na matumaini. Colorado ya katikati, zilipo Loveland na Arapahoe Basin, imekaa pale kamba inapovutwa pande zote mbili. Ndiyo sababu ramani za mwelekeo mara nyingi huiacha nyeupe: nafasi sawa ya kuwa juu ya wastani, wastani, au chini.

Namna ya kusema inafanana na ile ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mafungu ni matatu, na kabla hujajua chochote kila fungu lina asilimia 33. Wakisema asilimia 45 kwa "chini ya wastani", wamesema kete imeelemea upande huo, na bado zaidi ya nusu ya uwezekano uko nje ya fungu hilo.

Oktoba 2022 nilizungumza na shangazi yangu wa Longido. La Niña ilikuwa inaingia mwaka wa tatu mfululizo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huko nako wamewatangazia La Niña?"

"Ndiyo. Wanasema California na kusini kote kutakuwa kukavu."

"Huku redio imesema vuli itakuwa haba. Nimeshauza ng'ombe watano kabla bei haijaanguka."

Vuli ile ilikuwa haba kweli. Katika Pembe ya Afrika ulikuwa msimu wa tano mfululizo wa mvua kushindwa, ukame mbaya kuliko wote wa miaka 40. California? Maabara ya theluji ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliyoko Donner Pass, ilipima zaidi ya mita 19 za theluji msimu huo, wa pili kwa wingi katika kumbukumbu zake. Alta, eneo la skii kule Utah, ilipita mita 22, rekodi yake. Ishara ilikuwa moja baharini. Kwa shangazi ilitimia, kwa California ikaenda kinyume kabisa.

Si kwamba wataalamu wa Longido ni hodari kuliko wa Marekani. Mvua za vuli zimefungamana kwa nguvu na joto la bahari, Pasifiki na Hindi pamoja, kwa hiyo utabiri wake wa msimu una mizizi. Theluji ya California hutegemea dhoruba chache kubwa, mito ya unyevu inayovuka Pasifiki, na tano au sita zikiamua kupiga mahali pamoja msimu wote hugeuka. Hakuna joto la bahari la Oktoba linaloweza kukwambia dhoruba ya Januari itapiga pwani wapi. Mfano wa mwaka uliotangulia unauma zaidi: Desemba 2021 ilivunja rekodi ya theluji ya mwezi huo pale Donner Pass, watu wakashangilia, kisha Januari hadi Machi ikawa miezi mikavu kupindukia.

Uamuzi wa shangazi ulikuwa sahihi hata kama mvua ingenyesha, kwa sababu aliuza watano, hakuuza zizi lote. Namshauri anayenunua tiketi ya msimu mzima afikirie vivyo hivyo: nunua kama ungeridhika na msimu wa wastani.

Theluji inayogeuka sukari

Limebaki swali la kukaa, na hili nalichukulia kwa uzito kuliko yote, maana lina maiti ndani yake.

Theluji ya Oktoba kwenye miteremko inayotazama kusini hupigwa na jua ikaisha. Kwenye miteremko ya kaskazini, juu ya mstari wa miti, inabaki. Ni nyembamba, sentimita 30 pengine. Ardhi chini yake bado ina mabaki ya joto la kiangazi, haishuki mbali na sifuri. Juu, usiku mtulivu wa Novemba, hewa ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Tofauti hiyo yote imebanwa ndani ya sentimita 30. Mvuke hupanda kutoka kwenye chembe za chini zenye uvuguvugu na kuganda upya kwenye zilizo baridi, na baada ya wiki chache ile theluji laini imekuwa chembe kubwa zenye kona, zisizoshikana. Ukiichota kwa mkono na kujaribu kuifinyanga tonge, haikubali. Inamwagika kati ya vidole kama sukari, na inang'aa vilevile. Theluji ikiwa na kina cha mita mbili, tofauti ileile ya joto inatawanyika na ubovu huu hautokei kwa kasi hiyo.

Ndani ya eneo la skii hilo si tatizo kubwa. Magari ya kushindilia yanapita kila usiku, wateleza wanaikanyaga kutwa, na walinzi wa mlima hulipua miteremko ya hatari kabla hawajaruhusu watu. Nje ya kamba ya mpaka wa eneo hilo hakuna anayeikanyaga. Dhoruba za Desemba na Januari zinalaza blanketi zito juu ya sukari, na blanketi linasubiri mtu wa kulikata, liporomoke naye.

Oktoba 2020 Colorado ilikuwa inaungua. Moto wa Cameron Peak, mkubwa kuliko wote katika historia ya jimbo, na ule wa East Troublesome ulikuwa unakaribia miji. Tarehe 25 theluji kubwa ikaanguka na kuupooza moto, na kila mtu alishukuru, nami nilishukuru. Kisha ukaja ukavu wa wiki nyingi. Theluji ya mwanzo wa msimu ikageuka sukari kwenye miteremko ya kaskazini. Msimu huo maporomoko ya theluji yaliua watu 37 Marekani, 12 kati yao Colorado.

Kwa hiyo ukiona utabiri wa sentimita 25 za mapema, soma pia wa siku kumi zinazofuata. Zikifuatwa na dhoruba nyingine karibu karibu, msingi unajengeka. Zikifuatwa na anga safi na baridi, mashine za Arapahoe Basin zitafanya kazi usiku kucha na njia itafunguliwa mapema, na wakati huohuo, ng'ambo ya kamba, sukari inapikwa. Kituo cha taarifa za maporomoko cha Colorado, CAIC, hutoa tahadhari kila siku bila malipo, na wataalamu wake huchimba mashimo kwenye theluji kuangalia tabaka. Katika mwaka kama ule, mtu akichimba mwezi Februari upande wa kaskazini, akapita mita moja na nusu ya theluji ngumu ya majira yote, koleo linazama ghafla mahali pasipo na ukinzani. Hapo chini, juu ya nyasi za mwaka jana, ndipo ilipo theluji ya Oktoba, na bado inamwagika kama sukari.